"Mimi si Mdori": makabila ya Wagiriki wa kale, utenzi wa Homer na ugomvi usioisha

Mwaka 508 KK hivi mfalme Cleomenes wa Sparta aliingia Athens na kikosi kidogo, akapanda mpaka juu Acropolis, ngome ya mlimani ya mji huo, afu akataka kuingia ndani ya hekalu la Athena. Kuhani mwanamke aliyekuwa amekaa humo akainuka kwenye kiti chake kabla mfalme hajavuka mlango, akamwambia we mgeni wa Sparta rudi ulikotoka, usiingie humu, Wadori hawaruhusiwi. Cleomenes akamjibu, "Mama, mi si Mdori, mi ni Mwakaya." Stori hii ipo kwa Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, kitabu cha 5, sentensi chache tu, lakini kwangu ndo pa kuanzia pazuri kuliko pote ukitaka kuelewa haya makabila ya Wagiriki wa kale, manake Sparta ndo ilikuwa kitovu chenyewe cha Udori, na hapa mfalme wake anasimama mbele ya watu anasema yeye si wa huko.

Na hakuwa anadanganya, hapo ndo pananivutia. Wafalme wa Sparta walijihesabu uzao wa Heracles, shujaa wa hadithi za kale, na kwa masimulizi yao wenyewe ukoo wa Heracles ulikuwa na haki ya kutawala Peloponnese, rasi ya kusini mwa Ugiriki, tangu kabla Wadori hawajafika, ukafukuzwa, ukakimbilia kaskazini, afu ukarudi ukiwa unaongoza Wadori. Kwa hiyo raia Wadori, mfalme Mwakaya, yaani wa wale wa kabla ya Wadori, na wote wanaishi mji mmoja bila shida. Miongo kadhaa kabla ya hapo Sparta ilikuwa inapigwa na watu wa Tegea kila vita, wakaenda kuuliza kwenye hekalu la utabiri la Delphi, wakaambiwa waichukue mifupa ya Orestes mtoto wa Agamemnon, yule mfalme aliyeongoza vita vya Troy. Jamaa mmoja anaitwa Lichas akafika Tegea wakati wa amani akakaa kwenye karakana ya mhunzi, mhunzi akamhadithia kwamba alipokuwa anachimba kisima uani alikuta jeneza la dhiraa 7 na ndani maiti ya urefu huo huo. Lichas akaunganisha na maneno ya Delphi, akaichukua mifupa akaipeleka nyumbani, na tangu hapo, anasema Herodotus, Sparta wakawa wanashinda. Yaani mji wa Wadori unamtafuta shujaa wa Waakaya kwa udi na uvumba ili awe wa kwao.

Mimi msimamo wangu nautoa mapema kabisa: haya majina Waakaya, Wadori, Waioni, Waeoli hayakuwa damu iliyofungwa tangu mwanzo, yalikuwa madai, watu waliyachukua, wakayaacha, wakayapigania, na hati kubwa ya kuthibitishia madai ilikuwa utenzi wa Homer. Najua wapo wasomi wazuri wasiokubali hivyo na hoja zao nitaziweka hapa, manake nyingine ni ngumu kweli.

Tuanze na Iliad yenyewe, utenzi wa Homer juu ya vita vya Troy. Wanaopigana na Troy hawaitwi Wagiriki hata mara moja kwa maana tunayoijua leo. Jina linalotumika zaidi ni Waakaya, karibu mara 600, afu kuna Waargos na kuna Wadanao, na yote matatu yanamaanisha jeshi lile lile. Ukisoma ukitegemea kwamba Wadanao ni kundi moja na Waargos ni lingine utapotea, utamkuta malenga anasema Waakaya mstari huu na Wadanao mstari unaofuata na watu ni wale wale. Sababu mojawapo ni mizani. Mstari wa Homer una miguu 6 ya silabi ndefu na fupi, na majina haya matatu kwa Kigiriki yana maumbo tofauti, moja linaanza na konsonanti, mengine na irabu, urefu wa silabi unapishana, kwa hiyo mghani anayetunga papo hapo mbele ya watu anachukua lile linalojaza nafasi iliyobaki. Mmarekani Milman Parry ndo alionyesha jinsi tungo hizi zilivyojengwa kwa mafungu ya maneno yaliyo tayari, kwanza kwa maandishi aliyotoa Paris 1928, baadaye kwa kwenda Yugoslavia miaka ya 1930 kurekodi waghani waliokuwa hai bado na wanatunga kwa mtindo unaofanana.

Mizani peke yake lakini haielezi kwanini ni majina haya na si mengine. Na hapo nakwambia mwanahistoria Thucydides wa Athens alishauona huu mwanya karne ya 5 KK, kitabu chake cha 1 sura ya 3. Anasema Homer, aliyeishi muda mrefu baada ya vita vya Troy, hawaiti wote Wahelene, jina hilo analitoa kwa wafuasi wa shujaa Achilles kutoka Phthia tu, na wala hasemi washenzi dhidi ya Wahelene kwasababu hao Wahelene hawakuwa bado na jina moja la kuwakusanya. Angalia mstari wenyewe, kitabu cha 2 mstari wa 684, watu wa Achilles "waliitwa Wamirmidoni na Wahelene na Waakaya". Majina matatu kwa kikundi kimoja cha meli 50! Moja la kikosi chenyewe, moja ambalo baadaye litakuwa jina la taifa zima, na moja ambalo kwenye utenzi huo huo ni jina la jeshi lote. Mi mstari huu nimeurudia sana na kila nikiusoma naona kwamba malenga hakuwa na ramani ya makabila kichwani mwake jinsi wanahistoria wa karne ya 19 walivyotaka awe nayo.

Na Wadori wako wapi? Kwenye Iliad hawapo. Wanatajwa mara moja tu kwenye Odyssey, utenzi wa pili wa Homer, kitabu cha 19, na mahali penyewe ni ndani ya uongo, Odysseus amejifanya mtu wa Krete anamdanganya mkewe Penelope, anamwambia Krete ina miji 90 na lugha zimechanganyikana, wako Waakaya, wako Wakrete asilia, Wakidoni, Wadori wa mafungu matatu, na Wapelasgi. Waioni nao kwenye Iliad ni mara moja, kitabu cha 13, wanaitwa wa kanzu ndefu zinazoburuta, basi. Makabila mawili yaliyotawala siasa zote za Ugiriki ya baadaye, Waioni wa Athens na Wadori wa Sparta, kwenye utenzi wao mkubwa kuliko yote ni kama hawapo. Kuna alama moja lakini, Tlepolemus mtoto wa Heracles analeta meli 9 kutoka Rhodes na watu wake wamekaa kwa mafungu matatu, na miji ya Wadori ya baadaye ilikuwa inagawa raia wake mafungu matatu, Wahili, Wadimani na Wapamfili. Waliosoma hapo zamani walikonyezana na waliosoma juzi pia, malenga anajua kitu ambacho hataki kukisema wazi, manake enzi anayoisimulia ilitakiwa iwe kabla ya Wadori.

Kile kitabu cha 2 cha Iliad kina orodha ya meli, makundi 29, meli 1,186. Wengi wanaruka kwasababu ni majina tu mwanzo mpaka mwisho, na mimi nasema usiruke, ile orodha ndo uwanja wa vita wa wanahistoria kwa miaka zaidi ya 2,400. Agamemnon ana meli 100, Nestor 90, Odysseus 12 tu, Nireus maskini meli 3 na uzuri wa sura. Waarkadia wana meli 60 lakini wamepewa na Agamemnon, kwasababu wao ni watu wa milimani mambo ya bahari hawayajui, malenga kajisumbua mpaka kueleza hilo, na mi maelezo madogo kama hayo yananifanya niamini kwamba orodha ilikuwa na uzito kwa wasikilizaji, lazima wangeuliza hawa wa milimani meli wametoa wapi.

Sasa wa kwanza kabisa kwenye orodha ni Waboeotia, meli 50 na kila meli vijana 120. Thucydides akakwama hapo. Yeye kwa hesabu zake Waboeotia walifukuzwa Arne na Wathesalia wakahamia Boeotia mwaka wa 60 baada ya Troy kuanguka, sasa wamepiganaje Troy wakiwa Waboeotia wa Boeotia? Akaandika kwa kifupi kwamba sehemu yao ilikuwa imetangulia kufika na hao ndo walioenda. Yaani mwanahistoria makini kuliko wote wa zamani, ana masimulizi ya uhamiaji mkono huu na utenzi mkono ule, haviendani, na hawezi kuutupa utenzi. Hiyo tabia iliendelea mpaka karne ya 20.

Kesi tamu kuliko zote ni ya Salamis. Athens na jirani yao Megara waligombania kile kisiwa miaka mingi karne ya 6 KK, mwisho wakapeleka kwa wasuluhishi watano wa Sparta, na ushahidi mmojawapo wa Athens ulikuwa mistari miwili ya Homer: shujaa Ajax alileta meli 12 kutoka Salamis na akazipanga pale safu za Waathens zilipokuwa zimesimama. Mistari miwili! Aristotle anaitaja kama mfano wa kutumia shahidi wa kale. Watu wa Megara wakasema huu mstari wa pili mmeuchomeka nyinyi, wengine wakamtaja Solon, wengine Peisistratus, wote wakubwa wa siasa za Athens, na mwanajiografia Strabo anatuambia Megara walikuwa na toleo lao ambalo Ajax anatoka Salamis na pia kwenye vijiji vya kwao, ikiwemo Nisaea ambayo ni bandari yao. Strabo huyo huyo anaonyesha kwamba ndani ya utenzi penyewe meli za Ajax ziko mbali na za Athens, Ajax na Achilles wako ncha mbili za kambi kwasababu ni mashujaa wasioogopa kukaa pembeni. Mi nadhani Megara walikuwa na hoja. Lakini kisiwa kilienda Athens, na mstari umebaki kwenye nakala zetu mpaka leo.

Kwa hiyo utenzi ulikuwa nguvu ya kisiasa na watawala walijua. Cleisthenes mtawala wa Sicyon, mwanzoni mwa karne ya 6, alipokuwa kwenye vita na Argos alipiga marufuku mashindano ya waghani mjini kwake kwasababu tungo za Homer zinasifu Argos na Waargos mno. Afu akaendelea, Wadori wa Sicyon walikuwa na yale mafungu matatu sawa na Wadori wa Argos, yeye hakutaka majina yafanane, akayabadili yote, wa kwanza wakawa watu wa nguruwe, wa pili watu wa punda, wa tatu watu wa vitoto vya nguruwe, na fungu lake mwenyewe akaliita watawala wa watu. Herodotus anasema majina hayo yalidumu miaka 60 baada ya kifo chake kabla watu hawajayafuta. Mjukuu wake, anaitwa Cleisthenes pia, ndo yule wa Athens aliyevunja mafungu manne ya Kiioni mwaka 508/507 akaunda 10 mapya, majina ya mashujaa 100 yakapelekwa Delphi na kuhani akachagua 10. Mmoja kati ya hao 10 ni Ajax, ambaye hata si wa Athens, Herodotus anasema alimwongeza kama jirani na mshirika. Ukiunganisha na kesi ya Salamis unaona kabisa kinachofanyika. Babu na mjukuu, wote wawili walishika muundo wa kabila wakaufinyanga upya kwa amri, kila mmoja ndani ya kizazi chake, na watu wakaishi nao.

Haya, sasa tuje kwenye ugomvi mkubwa, uvamizi wa Wadori. Masimulizi ya kale yanasema uzao wa Heracles na Wadori walishuka kutoka kaskazini wakachukua Peloponnese, Thucydides anaweka mwaka wa 80 baada ya Troy. Tyrtaeus, malenga wa Sparta karne ya 7, anaimba kwamba Zeus mwenyewe aliwapa mji huu wazao wa Heracles "ambao pamoja nao tuliacha Erineos yenye upepo tukafika kisiwa kipana cha Pelops". Mwaka 1824 Mjerumani Karl Otfried Müller akatoa kitabu kizima juu ya Wadori, na ndani yake wanakuwa watu wa tabia moja, dini moja, roho moja, wa kaskazini, wanyoofu, wapenda nidhamu, tofauti na Waioni laini wa mashariki. Kilichofuata tunakijua, karne moja baadaye Wanazi waliichukua picha hiyo ya Wadori wa kaskazini wakaiingiza kwenye mafundisho yao ya rangi. Hii ndo sababu mimi nakasirika mtu akisema mambo haya ni ya kale hayana madhara kwa yeyote.

Afu akiolojia ikaja kuvuruga. Majumba ya kifalme ya Mycenae, Tiryns, Pylos yaliharibiwa miaka ya 1200 KK hivi mpaka kidogo baada ya hapo, hilo ni kweli, na muda mrefu watu walisema ndo hao Wadori wamefika na moto. Lakini wachimbaji wakitafuta vyombo vya wageni, makaburi ya kigeni, kitu chochote cha watu wapya kutoka kaskazini kinachofuata moto, hawapati kitu cha kueleweka. Vyungu vinaendelea kwa mtindo ule ule, vibaya zaidi tu. Laconia penyewe, nyumbani kwa Sparta, baada ya kuanguka kwa majumba watu wanaonekana kupungua sana, sehemu nyingi zinaachwa. Uvamizi gani huo wa kuacha nchi tupu?

Hapo akaingia John Chadwick. Huyu ndo alishirikiana na Michael Ventris, msanifu majengo aliyefumbua maandishi ya kale yanayoitwa Linear B mwaka 1952 akaonyesha kwamba vibao vya udongo vya Knossos na Pylos ni Kigiriki. Vibao vya Pylos vilikauka na kuiva kwenye moto ule ule ulioangamiza jumba, ndo maana vimefika kwetu. Sasa lugha ya vibao hivyo imeshabadilisha sauti fulani ambayo Kidori hakikubadilisha, kwa mfano "wanatoa" kwa Kidori ni didonti na t yake ya zamani, wakati Kigiriki cha vibao kina s, didonsi. Maana yake Kidori hakiwezi kuwa mtoto wa lugha ya vibao, lazima kilikuwepo sehemu nyingine wakati huo huo. Wapi? Wengi walisema kaskazini, nje ya mipaka ya majumba. Chadwick mwaka 1976 akasema hapana, kilikuwepo hapo hapo, ndo lugha ya watu wa chini, wafanyakazi, na majumba yalipoanguka wao wakabaki, wakasikika. Wazo zuri sana na linapendeza, lakini wanaisimu wengi hawakulimeza kirahisi, manake ushahidi wa hiyo lugha ya chini ndani ya vibao ni mwembamba.

Na wanaoshikilia kwamba kulikuwa na kuhama kweli wana hoja moja ambayo mimi siwezi kuipuuza, nayo ni ramani ya lahaja. Waarkadia wa katikati ya Peloponnese, wale wa meli za kuazima, waliongea lahaja inayokaribiana mno na ya Saiprasi, kisiwa kilichoko mamia ya kilomita mashariki, na zote mbili zinakaribiana na Kigiriki cha vibao. Kuzunguka Arkadia, pwani yote, ni Kidori na lahaja za karibu nacho. Ni vigumu kueleza hali hiyo bila kusema kwamba zamani lugha ya aina ya Arkadia ilifika mpaka baharini, wengine wakavuka kwenda Saiprasi, afu Kidori kikaingia pwani na kuwaacha wa milimani peke yao. Jonathan Hall, aliyeandika mwaka 1997 juu ya utambulisho wa kikabila wa Wagiriki, anasema lugha, vyungu na kabila ni vitu vitatu tofauti havifuatani lazima, na kabila linakuwepo pale watu wanapodai asili moja na nchi moja. Mi niko upande wa Hall kwenye swali la kabila, na niko upande wa wanaisimu kwenye swali la lahaja, kwa sababu ni maswali mawili. Watu fulani walihama, kidogo kidogo, vizazi kadhaa. Kwamba wakiwa njiani walishajiita Wadori na kuwa na mafungu yao matatu na mungu wao na tabia zao, hilo halijaonyeshwa na mtu. Hata DNA haitusaidii hapo. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2017 ulipima watu 19 wa kale, ukakuta watu wa Krete ya kale na wa Mycenae wanafanana sana, wote asili yao kwa sehemu kubwa, robo tatu au zaidi, ni ya wakulima wa kwanza wa Anatolia magharibi na Aegea, na wa Mycenae wana nyongeza kidogo yenye asili ya kaskazini. Mfupa unaweza kusema mababu walitoka wapi. Mwenye mfupa alijiita nani, hausemi.

Kuhusu Waakaya tuna bahati zaidi, manake kuna mashahidi wa nje. Mwaka 1924 Emil Forrer alitangaza kwamba kwenye vibao vya Wahiti vilivyochimbwa Hattusa, mji wao mkuu, Uturuki ya leo, kuna nchi inaitwa Ahhiyawa na hao ndo Waakaya wa Homer. Ferdinand Sommer akamjia juu, mwaka 1932 akatoa kitabu kinene cha kuchambua maandishi hayo moja moja na kukataa. Ugomvi ulidumu miongo. Kilichobadilisha upepo ni jiografia, hasa mwaka 1998 J. David Hawkins aliposoma vizuri maandishi ya mwamba wa Karabel nyuma ya Izmir, akathibitisha nchi ya Mira ilikuwa pale, na nchi nyingine zikaangukia mahali pake, ikiwemo Wilusa kule kaskazini-magharibi ambako Troy ipo. Hapakubaki nafasi ya Ahhiyawa isipokuwa ng'ambo ya bahari. Leo walio wengi wanakubali. Kuna barua ya mfalme wa Wahiti wa karne ya 13 KK akimwita mfalme wa Ahhiyawa ndugu yake, analalamika juu ya mkorofi mmoja anaitwa Piyamaradu, na anagusia ugomvi uliokuwepo kuhusu Wilusa. Na kuna mkataba wa mfalme Tudhaliya IV na Shaushgamuwa wa Amurru, kwenye orodha ya wafalme walio sawa naye kuna wa Misri, wa Babeli, wa Ashuru, na mwandishi alikuwa ameandika pia mfalme wa Ahhiyawa afu akamfuta udongo ukiwa bado mbichi, jina linasomeka chini ya mkwaruzo. Huko Misri nako, hekalu la mazishi la Amenhotep III lina kitako cha sanamu kinachotaja nchi ya Tanaya na miji yake, Mycenae ikiwemo, na wengi wanaona hapo Wadanao.

Kwa hiyo majina ya utenzi hayakutungwa hewani, ni majina ya kweli ya zama za shaba. Lakini ona tofauti, kwa Wahiti Ahhiyawa ni nchi yenye mfalme, kwa Wamisri Tanaya ni nchi yenye miji. Hakuna anayezungumzia damu.

Waioni walijengeka kwa namna yao huko pwani ya Anatolia, na Herodotus, mtu wa Halicarnassus karibu yao, hakuwaonea aibu. Wale wanaojiona Waioni bora kuliko wote, anasema, waliotoka kwenye ukumbi wa mji wa Athens wenyewe, hawakuja na wake, wakaoa wanawake wenyeji wa Karia baada ya kuwaua baba zao. Wale wanawake wakajiwekea kiapo, wakawarithisha mabinti zao, wasile meza moja na waume zao wala wasiwaite kwa majina. Hilo lilitokea Miletus. Na wengine waliochanganyika humo anawataja, Waabanti wa Euboea, Waminya, Wafosi, Wamolosi, hata Wadori wa Epidaurus. Wakati huo huo huko Athens nasaba inapangwa upya jukwaani. Nasaba ya zamani ilisema Hellen alizaa Dorus, Xuthus na Aeolus, na Xuthus akamzaa Ion na Achaeus. Euripides kwenye tamthilia yake ya Ion anamfanya Ion mtoto wa Apollo na malkia wa Athens, na Dorus anashushwa kuwa mdogo wake, mtoto wa Xuthus. Hii ni wakati wa vita ya Athens na Sparta, kila aliyekaa kwenye viti vile alielewa.

Na vita hiyo hiyo ndo ilifika Syracuse, mji wa Wadori huko Sisilia ulioshambuliwa na Athens. Thucydides kitabu cha 7 anatoa orodha ya waliopigana pale mwaka 413 KK, orodha yake mwenyewe ya meli ukipenda, na anaanza kwa kusema hawakusimama kila mtu kwa haki wala kwa undugu, bali kwa jinsi mambo yalivyomkuta au kwa faida au kwa kulazimishwa. Warhodes, Wadori wenye asili ya Argos, wanapigana dhidi ya Syracuse ya Wadori na dhidi ya Gela, watoto wao wenyewe waliohamia Sisilia. Watu wa Kythera, wahamiaji wa Sparta, wamebeba silaha na Athens dhidi ya Wasparta walioko na jemadari wao Gylippus. Waargos, Wadori kabisa, wamefuata Athens kwa chuki yao na Sparta. Usiku wa shambulio la Epipolae, miinuko ya juu ya Syracuse, mbalamwezi ipo lakini watu wanaonana maumbo tu, Waargos na watu wa Corcyra na Wadori wote wa upande wa Athens kila walipopiga wimbo wa vita Waathens waliingiwa na hofu sawa na walipoimba maadui, kwasababu wimbo ulikuwa ule ule wa Kidori pande zote mbili. Wakaanza kushikana wenyewe kwa wenyewe, rafiki na rafiki, raia na raia, na wengi wakirudi nyuma wakaporomoka kwenye majabali.